Seli Ndani ya Ndoo

Sajini Motlalepula Ramaili alisimamisha gari mbele ya nyumba ya wageni ya Bi. Oosthuysen, mtaa wa Bayswater, Bloemfontein, saa mbili na nusu asubuhi ya Jumatatu. Sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku, ilikuwa bado nyeupe juu ya majani. Alichukua jalada kwenye kiti cha pembeni akalisoma upya, ingawa lilikuwa na kurasa mbili tu.

Seabata Phooko. Miaka hamsini na sita. Mtunza bustani na bwawa la kuogelea. Alionekana mara ya mwisho Alhamisi, tarehe tisa Mei. Aliyeripoti ni dada yake, Mantoa, mkazi wa Thaba Nchu, Jumatano ya tarehe kumi na tano. Jalada lilikuwa limefika mezani kwa Ramaili Ijumaa mchana, likalala chini ya mengine mpaka leo. Kituoni walikuwa na msemo wao: mtu mzima akipotea, mpe wiki, atarudi na harufu ya pombe.

Bi. Oosthuysen alimfungulia mlango mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, skafu ameizungusha shingoni mpaka kidevuni. Alikohoa kabla hajasalimu, kikohozi kikavu, kirefu.

"Mafua," alisema. "Baridi ya mwaka huu imewahi."

"Pole, mama."

Alimkaribisha jikoni, akamwekea chai nyekundu na zile biskuti ngumu za kuchovya. Ramaili alifungua daftari.

"Seabata amefanya kazi hapa miaka mingapi?"

"Kumi na tisa. Alianza mume wangu akiwa hai."

"Akaondoka vipi?"

"Alhamisi ile alikuja hapo mlangoni akasema amechoka, anarudi kwao. Nikamwambia haya."

"Miaka kumi na tisa, mkaagana hapo mlangoni tu."

"Ulitaka nimpigie ngoma?" Alitaka kucheka, kikohozi kikamkatiza. "Siku hiyo nilikuwa na harusi hapa, Sajini. Watu arobaini, picha zinapigwa pembeni mwa bwawa. Sikuwa na nafasi ya kumbembeleza mtu."

Ramaili aliandika: harusi, Alhamisi.

"Dada yake alikuja hapa Jumanne. Ulimwambia maneno haya haya?"

"Haya haya. Lipo moja sikumwambia, sikutaka kumwaibisha yule mama." Alisogeza kikombe chake kando. "Kaka yake aliondoka na seli yangu."

Kwa Ramaili neno hilo lilikuwa na maana moja, nayo ilikuwa na nondo dirishani.

"Seli ipi?"

"Ya bwawa. Bwawa langu ni la chumvi. Maji yanapita ndani ya seli, umeme unaigeuza ile chumvi kuwa klorini. Bila seli maji yanakuwa kijani kama supu ya mchicha. Kila mwaka mwezi wa tano Seabata huifungua, huisafisha, huiweka chumbani kwake mpaka Septemba. Ikiachwa nje na maji ndani, barafu huipasua. Nimekwenda kuangalia sanduku lake. Tupu."

"Nionyeshe."

Chumba cha Seabata kilikuwa nyuma ya uwanja, baada ya kamba za kuanikia. Ramaili alisimama mlangoni kwanza akaangalia bila kuingia. Kitanda kimetandikwa. Koti la kanisani limetundikwa msumarini, ndani ya mfuko wa nailoni. Viatu vyeusi vimepigwa rangi. Juu ya kigoda, miwani ya kusomea na chaja ya simu. Simu haikuwepo.

"Alirudi kwao bila miwani?"

"Labda alisahau."

"Na koti la kanisani. Na viatu."

Bi. Oosthuysen aligeuka akatazama kamba za kuanikia.

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, la mbao, limefungwa bawaba kwa mikono ya mtu mwangalifu. Ndani mlikuwa na blanketi kuukuu lililokunjwa likaacha shimo katikati, umbo la chupa nene. Upande wa ndani wa kifuniko palikuwa na orodha iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: siku ya kuweka, siku ya kutoa, majira ya baridi kumi na mawili. Mstari wa mwaka huu haukuwepo.

Ramaili alipiga picha kwa simu, akainuka akijipangusa magoti.

"Hii seli haijafika humu, mama. Mwizi hukitoa kitu kilichokuwamo. Hiki hakikuingia. Ilikuwa inasafishiwa wapi?"

"Kwenye kibanda cha pampu. Lakini huko hakuna kitu. Pampu tu."

"Twende."

"Ufunguo anao Seabata."

Kibanda kilikuwa cha matofali, nyuma ya ua wa waridi, hatua chache kutoka bwawani. Mlangoni palining'inia kufuli linalong'aa, bado lina ule ute wa mafuta ya kiwandani. Ramaili alilishika, akayasugua mafuta kati ya vidole vyake.

"Mtu aliondoka siku kumi na moja zilizopita akabeba ufunguo wa kufuli la juzi?"

Bi. Oosthuysen alisukuma mikono ndani ya mifuko ya sweta. Kisha akautoa ufunguo. Hakumkabidhi mkononi, aliuweka juu ya ukuta mdogo wa waridi, akarudi nyuma mpaka kwenye majani, akapandisha skafu juu ya pua.

Ramaili aliiona skafu ikipanda. Alifungua mlango, akausukuma kwa mguu, akakaa nje dakika tano akivuta hewa kwa mbali. Palikuwa na ukali puani, kama choo cha hospitali kilichooshwa kupita kiasi, lakini umepoa, ni mabaki. Dirisha la kibanda lilikuwa limezibwa bati kutoka nje, limepigiliwa misumari pande nne.

"Hili bati?"

"Wezi. Mwezi wa pili waliingilia hapo wakabeba mashine ya kukatia majani."

Ramaili aliingia akiwa ameshikilia leso mdomoni. Bomba lililotoka kwenye pampu lilikuwa na pengo la urefu wa mkono. Viungo viwili vilivyofunguliwa hapo vilikuwa vimelazwa sambamba juu ya kitambaa cha buluu, na ile mipira ya kuzuia maji imewekwa ndani ya kifuniko cha kopo isipotee. Kazi ya mtu ambaye hakuwa na haraka. Kilichofuata hakikufanana na mtu huyo. Glovu moja sakafuni, ya pili haipo. Jagi la plastiki limepinduka. Madumu mawili meupe, yote yana lebo ya asidi, moja limesimama bila kifuniko. Na katikati, ndoo nyeusi yenye maji rangi ya chai, na ndani yake kitu kama chupa nene ya plastiki ang'avu, kimejaa vibati vilivyopangwa kama kurasa za kitabu.

Seli haikwenda popote.

Ramaili alitoka nje bila kugusa kitu, akampigia Desmond Jaftha.

Jaftha alikuwa na duka la vifaa vya mabwawa mjini, na ndiye aliyetunza bwawa la klabu ya polisi. Alifika baada ya nusu saa na pikapu yake, amevaa kofia ya sufu.

"Afande, Mei hii? Hata bata wameacha kuogelea."

"Nataka unisomee ndoo moja."

"Ndoo nazisoma vizuri kuliko magazeti," alisema Jaftha, lakini alipoinama mlangoni uso wake ukabadilika. Alirudi kwenye gari, akavaa kinyago cha mpira na glovu ndefu, akaingia na koleo. Ramaili alimsikia akisukuma hewa puani. Kisha akaitoa ile seli taratibu, maji yakichuruzika, akaiinua kwenye mwanga wa jua. Vibati vilikuwa vimekwanguka rangi, vina mabaka mabaka, viwili vimeliwa ncha kama mkate uliopitiwa na panya.

"Nani kafanya hivi?"

"Mtu aliyeisafisha kila mwaka miaka kumi na miwili."

"Basi hakufanya yeye. Sikiliza. Unatia maji ndoani kwanza, asidi baadaye, usigeuze. Unaitumbukiza. Inatoa povu, ule ukoko wa chokaa unaachia. Povu likitulia, unaitoa, unaisuuza, unaikausha, unaiweka mahali pasipo na baridi. Ni dakika kumi. Ikiwa imechafuka sana, kumi na tano. Ukipitiliza, asidi ikimaliza chokaa inaanza kula vibati vyenyewe. Hii imekaa humu siku na siku. Ni ya kutupa."

"Yaani aliitumbukiza akijua baada ya dakika kumi na tano anaitoa."

"Afande, mtu anayepanga mipira ya bomba kwenye kifuniko cha kopo hata haja ndogo haendi seli ikiwa ndoani."

Ramaili aliandika: dakika kumi na tano. Kwa hiyo hakukuwa na safari ya kurudi kwao, wala kuaga mlangoni. Kilichompata Seabata Phooko kilimpata ndani ya robo saa hiyo, ndani ya chumba hiki.

"Angalia yale madumu," alisema.

Jaftha alilifungua lile lililofungwa, akachungulia, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Alipolisogelea la pili alisita. Aliokota kile kitambaa cha buluu kilichokuwa chini ya viungo vya bomba, akamwonyesha Ramaili ukingo wake uliokuwa umetapakaa madoa meupe.

"Asidi hutoboa nguo. Inayoondoa rangi hivi ni klorini. Lebo ya dumu hili inasema asidi, lakini ndani ni klorini ya maji." Alikiweka kitambaa pale pale. "Aliona povu linalegea mapema, akataka kuongeza asidi kidogo. Akashika dumu la pili. Asidi na klorini vikikutana vinatoa gesi ya kijani. Nje, penye upepo, unakimbia unakohoa siku mbili. Humu, dirisha limepigwa bati..."

"Mtu angefika wapi?"

"Mlangoni. Akiwa na bahati."

Ramaili alimpigia konstebo wa zamu aje na utepe, akawapigia watu wa maabara waje wachukue ndoo, madumu na glovu. Kisha akavuka majani. Bi. Oosthuysen alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya bwawa lililofunikwa turubai.

Ramaili aliketi upande wa pili wa benchi hilo.

"Hicho kikohozi kilikuanza lini, mama?"

"Alhamisi."

"Kabla ya harusi au baada?"

"Katikati."

"Nani alitia klorini ndani ya dumu la asidi?"

"Mimi. Dumu lake lilikuwa linavuja. Hilo lilikuwa tupu, nikalisuuza."

"Ulimwambia?"

"Nilikusudia kumwambia."

"Na nani alimwambia afanyie kazi ile ndani?"

Alikunja skafu kwenye vidole. "Huwa anaifanyia hapa kwenye majani, upepo unapita. Siku hiyo mpiga picha aliniambia ndoo zinaharibu picha. Nikamwambia Seabata ingia ndani, funga mlango, wasisikie harufu. Akasema, mama, tuiache mpaka kesho. Nikamwambia wiki hii barafu itaanza. Akaingia."

Ramaili aligeuza ukurasa wa daftari.

"Nilisikia kitu kimegonga mlango, si kwa mkono. Nilifungua akaniangukia. Kulikuwa na... hewa ina rangi, Sajini. Nilimvuta kwa mabega. Yeye ni mtu mzito. Nilimbeba kwa toroli mpaka kwenye gari, nikapita nyuma ya jikoni. Wageni walikuwa wanaimba. Hakuna aliyegeuka."

"Ukampeleka wapi?"

"Hospitali kubwa ya serikali. Sikumtupa. Usiandike kwamba nilimtupa."

"Ulimwandikisha?"

"Waliuliza mimi ni nani wake." Alifuta macho kwa ncha ya skafu. "Mwezi wa pili alikuja mkaguzi wa kazi. Nikatia sahihi kwamba Seabata hagusi dawa za bwawa, kuna kampuni inakuja. Hakuna kampuni. Nikaona wataniuliza ameumiaje, na ile sahihi ipo. Nikasema simjui, nimemwokota kituo cha basi."

"Kitambulisho chake? Simu?"

"Vilikuwa ndani ya ovaroli. Nilimvua ovaroli kwa sababu ya ile harufu. Nikaitia kwenye pipa, likaenda na gari la taka. Mfukoni sikutazama."

"Dada yake alipokuja Jumanne, akasimama pale mlangoni kwako?"

Aliangalia turubai la bwawa. Majani makavu yalikuwa yameganda juu yake.

"Nilidhani atapona arudi mwenyewe, tucheke. Kila nikisikia geti nilikuwa naangalia."

"Ulikwenda kumwona?"

"Nilifika mpaka pale wanapoegesha magari. Mara mbili."

Ramaili aliinuka. Alimwambia asitoke nje ya mji, asiguse kibanda, na kwamba konstebo angekaa naye mpaka maelezo yaandikwe rasmi. Alipokuwa anatembea kwenda garini alipiga namba iliyoandikwa kwenye jalada. Ilipokelewa kabla ya mlio wa pili.

"Mama Mantoa? Ni Sajini Ramaili wa Bloemfontein. Tumejua kaka yako alipelekwa wapi. Alikuwa hospitali. Naomba uje."

Upande wa pili ulisikika mlango wa kabati ukifunguliwa. "Hospitali ipi?"

Alimtajia.

"Nilikwenda hapo," alisema Mantoa. "Jumanne. Waliniambia hayupo."

"Njoo tu, mama. Mimi ndiyo naelekea huko."

"Anakula?"

"Sijamwona bado."

"Nakuja," alisema, na Ramaili alitambua kuwa neno alilolisikia yule mama ni moja tu, kwamba kaka yake amepatikana.

Wodi ya wagonjwa mahututi ilikuwa mwisho wa ukumbi wa mapokezi, nyuma ya mlango wa vioo vyenye ukungu. Muuguzi wa zamu aliitwa Sista Keneilwe, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Ramaili alimpa tarehe na maelezo. Sista hakufungua kitabu.

"Baba wa Alhamisi," alisema.

"Mlimwita hivyo?"

"Tungemwitaje? Aliingia Alhamisi hana jina. Mapafu yameungua. Tulimwekea mpira wa kupumulia, kwa hiyo hakuweza kusema." Alimtazama Ramaili usoni, kisha jalada lililokuwa kwapani mwake. "Umekuja kumchukulia maelezo?"

"Ndiyo."

"Alifariki Jumamosi, saa nne asubuhi."

Ramaili alilifungua jalada. Ijumaa mchana, saa nane na robo, alikuwa ametia sahihi ya kupokea jalada. Alikumbuka kalamu aliyoitumia.

"Alikuwa na fahamu wakati wowote?"

"Tulipopunguza dawa ya usingizi. Jumanne, Jumatano, na Alhamisi kidogo. Alikuwa ananyanyua mikono, anazungusha hivi." Sista alinyoosha mikono miwili mbele, akaizungusha kila mmoja upande wake, kama anayefungua kifuniko cha chupa kubwa. "Kisha vidole kumi. Kisha vitano. Tena na tena mpaka anachoka. Tulifikiri ni namba ya nyumba. Mwenzangu aliandika kumi na tano kwenye karatasi akamwonyesha, akaitikia kwa macho, machozi yakamtoka. Tukafurahi. Tukapiga simu kituoni kwenu, tukauliza kama kuna nyumba namba kumi na tano iliyopotelewa na mzee."

"Mkajibiwaje?"

"Kwamba tulete maelezo kamili kwa maandishi."

Ramaili hakumwambia mikono ile ilikuwa inafungua nini, wala kwamba kumi na tano zilikuwa dakika. Aliuliza swali alilokuwa hana budi kuliuliza, kwa sababu mwanasheria wa serikali angeliuliza.

"Kama jina lake lingejulikana tangu siku ya kwanza, angepona?"

"Hapana. Ingejulikana ni gesi gani tungejaribu hili na lile, lakini yale mapafu nimeyaona picha." Alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Ila asingekaa siku tisa anaangalia mlango."

Ramaili alitoka mpaka kwenye ngazi za nje akampigia mwanasheria wa serikali, mwanamke aliyesifika kwa kutopoteza maneno. Alimweleza yote kwa dakika nne.

"Una bati la dirisha, una dumu lenye lebo ya uongo, una amri ya kuingia ndani," alisema mwanasheria. "Hapo napata uzembe, na wakili wake atasema alihatarisha mapafu yake kumvuta, akampeleka hospitali ndani ya nusu saa. Hakimu atampa pole."

"Na uongo wa mapokezini? Na dada yake kufukuzwa mlangoni?"

"Hayo ndiyo yaliyomuua?"

"Daktari hatasema hivyo."

"Basi ni aibu, Sajini. Aibu haina kifungu. Ile sahihi ya mkaguzi nitumie, hiyo ina kifungu. Atatozwa faini." Karatasi zilisikika zikigeuzwa. "Na ujiandae. Wakili wake atauliza jalada lilikuwa wapi Ijumaa."

"Mezani kwangu."

"Najua. Na yeye atajua."

Mantoa alifika saa saba kasoro. Alivuka ukumbi kwa mwendo wa mtu aliyesimama muda mrefu kwenye gari, blanketi lake limebanwa kwa pini begani, mkono mmoja ameshika mfuko na mwingine chupa ya kuhifadhi joto. Alimtambua Ramaili kwa lile jalada.

"Ni wewe uliyenipigia, baba?"

"Ni mimi, mama."

"Nimemletea pajama. Na uji mchachu, hawezi chakula cha hospitali huyo, tangu utoto tumbo lake la kuchagua." Aliinua chupa. "Bado wa moto. Yuko wapi?"

Ramaili alikuwa amewapa watu habari hii mara nyingi, na kila mara alianza kwa kumwomba mtu aketi. Safari hii hakumwomba.

"Alifariki Jumamosi," alisema.

Mantoa hakulia. Alimpa Ramaili ile chupa, kana kwamba ameona mkono wake mmoja hauna kazi, akaweka mfuko chini, akajifunga upya pini ya blanketi.

"Jumamosi," alisema. "Jumanne alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Hapa?"

"Hapa, mama."

Aligeuka akalitazama dirisha la mapokezi, watu sita kwenye foleni, karani yule yule au mwingine anayefanana naye. "Nilisimama pale. Nilitaja jina mara tatu. Yule kijana akatafuta kwenye kompyuta, akasema hakuna Phooko. Nikamwambia tafuta tena. Akatafuta tena." Alitafuta kwa macho ukumbi mzima. "Yeye alikuwa wapi?"

Ramaili alionyesha mlango wa vioo vyenye ukungu. Mtu aliyesimama kwenye foleni angeuona kwa kugeuza shingo tu. Mantoa aliutazama, akatazama dirisha la mapokezi, akautazama tena. Kisha akasema, taratibu, kama anayejisemea:

"Ningeita kwa sauti."

Ramaili alimweleza kuhusu ndoo, madumu, na dirisha la bati, kwa sababu ilikuwa haki yake kujua. Alimweleza kuhusu mwanamke aliyemvuta na kumwacha. Alimweleza kuhusu Ijumaa. Hilo la mwisho alilisema akiangalia chupa ya uji. Mantoa alisikiliza yote bila kumkatiza, na alipomaliza hakumlaumu, ingawa lawama Ramaili angeipokea kwa urahisi zaidi.

"Sasa tunafanya nini?" aliuliza.

"Tunashuka chini kumtambua."

"Si umeshasema ni yeye?"

"Ni utaratibu, mama. Lazima ndugu aseme."

Chumba cha maiti kilikuwa ghorofa ya chini, na lifti haikufanya kazi. Walishuka ngazi, Ramaili mbele na chupa ya uji, Mantoa nyuma akishika ukuta. Mhudumu, mzee mwenye aproni ya kijani, alisoma namba kwenye karatasi ya Ramaili, akavuta droo, akakunja shuka mpaka kifuani.

Mantoa alisogea. Alimtazama kaka yake muda ambao hakuna mtu aliyeuhesabu. Alimlainisha nyusi kwa kidole gumba, moja, kisha nyingine.

"Unamfahamu, mama?" aliuliza mhudumu.

"Namfahamu."

Mhudumu alichukua ubao wake wa kuandikia. Kwenye kifundo cha mguu wa Seabata palikuwa na kitambulisho cha karatasi kilichoandikwa: mwanaume, hajulikani. Alikikata kwa mkasi, akachukua kipya, akakiegemeza kwenye ubao.

"Jina?"

"Seabata."

"La ukoo?"

"Phooko."

Mhudumu aliandika. Mantoa aliinama juu ya mkono wake akasoma, kisha akaweka kidole kwenye karatasi kabla wino haujakauka.

"O ni mbili kabla ya K," alisema. "Andika zote."